Shajara ya mradi: kwa nini kila meza huishia pangoni

Jumapili, 12 Januari 2025

Leo mradi umeanza rasmi, baada ya mimi kulibeba swali lake kwa miaka mingi. Michezo ya masimulizi ya mezani ipo ya kila namna: ya vyombo vya angani, ya upelelezi, ya kutisha, ya wababe wa magharibi ya Marekani. Lakini kwa miaka 50 sasa ni mtindo mmoja tu, ule wa mapanga, uchawi na mapango, unaojaza meza kuliko mingine yote. Jina lake kubwa ni Dungeons & Dragons, na hata waliouchukia na kuuacha mara nyingi wanacheza kitu kinachofanana nao kama pacha. Nataka kujua sababu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, anawaeleza mlipo na kilicho mbele yenu. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Matokeo yakiwa na shaka, dadu inarushwa. Mwishoni hakuna mshindi. Ni kama hadithi ya bibi, ila wajukuu ndio wanaoamua Sungura apite njia ipi.

Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba mchezo huo ulitangulia na una kampuni yenye fedha. Ni kweli, lakini halinitoshi. Hapa Tanga nina nafasi ambayo mtu wa Marekani hana: watu niliowaalika hawajawahi kulisikia hilo jina. Hakuna aliyekua akisoma habari za vibete na majoka ya Ulaya. Mtindo huu ukiwavuta hata wao, basi sababu imo ndani ya mtindo wenyewe.

Tutacheza michezo mitatu, Jumapili tatu kila mmoja: pango kwanza, kisha Traveller, wa vyombo vya angani, kisha Call of Cthulhu, wa kutisha. Natangaza upendeleo wangu mapema ili niweze kujichunga: moyo wangu uko kwa Traveller.

Jumanne, 14 Januari

Kazi ya tafsiri. Kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo wa pango nina ruhusa ya kuzitumia na kuzitafsiri, kwa sababu tarehe 27 Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, inayoumiliki, iliziweka chini ya leseni ya Creative Commons. Hapo katikati nachanganya kanuni chache za zamani ambazo nazipenda.

Maneno yananipa shida tamu. Aina ya mhusika, class kwa Kiingereza, nimeiita fani, maana tabaka ni neno la siasa na darasa ni la shule. Mpiganaji hana tatizo. Mwizi nimemwita mnyatiaji. Aliyenisumbua ni yule mwenye uchawi. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alisema wazi: "Mimi mchawi sitaki kuitwa, hata kwa mchezo." Ana haki. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu anayeua jirani zake usiku, si mzee mwenye ndevu na vitabu. Nimeandika mjuzi. Kuhani naye nimemfanya tabibu, miungu nikaiondoa yote. Vibete na jamaa zao nimewafuta bila majonzi. Joka pia hakuna.

Kwa hiyo nitakachokijaribu ni mifupa ya mtindo huu, ngozi yake nimeivua.

Jumapili, 19 Januari

Pango, siku ya kwanza. Tulikuwa sita: mimi, dada, mwanawe wa kidato cha tatu, jirani yangu fundi cherehani, rafiki yangu dereva wa lori la saruji, na Mwalimu, mstaafu aliyetufundisha hisabati sisi sote hapo mtaani.

Dadu ya pande 20 sina. Niliandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi nikavitia kikombeni. Sioni haya kwa hilo. Mwaka 1979 waliotengeneza mchezo wenyewe walipungukiwa dadu, wakauza visanduku vya wanaoanza vikiwa na vipande vyenye namba vya kuchomoa kikombeni. Dadu zao za ajabu zilitoka kwanza kwa muuzaji wa vifaa vya kufundishia hisabati. Mwalimu alifurahi sana kusikia hivyo.

Ramani niliichora kwa kukumbuka mapango ya Amboni, vyumba 12. Nilisema: "Mko mlangoni. Ndani ni giza. Kushoto mnasikia maji." Nikanyamaza.

Hakuna aliyeniuliza la kufanya. Dakika kumi hazijapita, dereva na fundi walikuwa wanabishana nani atangulie na nani ashike taa. Dada alikuwa anahesabu bandeji. Mwalimu alitaka kujua upana wa njia kwa hatua. Nililala usiku nikiwaza ule wepesi.

Jumapili, 2 Februari

Siku ya tatu ya pango. Nimetumia kanuni ya toleo la 1974: kila sarafu ya dhahabu unayoitoa nje salama ni alama moja ya uzoefu, na alama zikitimia unapanda ngazi. Chumba cha sita kina shimo la kushukia chini. Mali iliyoko chini ni nyingi, na hatari ni kubwa zaidi. Hapo palikuwa na mjadala wa robo saa nzima, nami sikutia neno. Fundi alimwambia dereva, "Mchuma janga hula na wa kwao, sisi ndio wa kwako." Dereva akashuka. Wakambeba kumtoa, amebakiwa na uhai alama moja.

Jambo moja linaharibu usafi wa jaribio langu na lazima niliandike. Nilipoeleza kupanda ngazi, mpwa wangu alisema, "Mjomba, hii si ndiyo levo?" Alama za uhai pia alizijua. Amezipata kwenye michezo ya simu. Michezo ya simu imezirithi kwa Dragon Quest, mchezo wa video wa 1986, na wenzake, nao wamezirithi kwa Wizardry ya 1981, na nyuma yake kuna wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakiandika programu za mapango kwenye mfumo wa kompyuta wa PLATO katikati ya miaka ya 1970, muda mfupi baada ya mchezo wa mezani kutoka. Kumbe mtu wa Tanga ambaye hajawahi kuliona sanduku la mchezo huu anazo kanuni zake mfukoni. Utawala wake ni mpana kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 5 Februari

Leo sikuchora. Nimeandika asili ya mchezo wa pango, kwa sababu nimeanza kushuku jibu limo humo.

Dave Arneson alikuwa akicheza michezo ya vita mezani kwa wanasesere wadogo huko Minnesota. Mwaka 1971 akaanzisha kisa cha Blackmoor, na wachezaji wake wakaingia chini ya ngome, kwenye mashimo. Kila mmoja alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwongoza badala ya jeshi zima. Alama za uhai, Arneson mwenyewe alieleza, alizitoa kwenye kanuni za vita vya manowari: meli haizami kwa risasi ya kwanza. Vuli ya 1972 alisafiri hadi Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax, mpenzi mwenzake wa michezo ya vita. Gygax akachora ngome yake, Greyhawk, yenye ghorofa za kushuka chini, na wachezaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake wawili. Mchezo ukatoka Januari 1974: nakala 1,000, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, dola 10. Ziliisha ndani ya mwaka.

Hao si watu waliotafuta hadithi bora ya kusimulia. Walitafuta namna ya msimulizi mmoja kuweza kuwashughulisha watu wengi bila kuzidiwa. Ukiwa kwenye uwanja wa wazi unaweza kwenda popote, na msimulizi lazima awe na jibu la popote. Chini ya ardhi kuna kuta. Njia ni mbili au tatu, na nyuma ya kila mlango kuna kitu kilichokwisha kuandikwa. Kuta zinamsaidia msimulizi.

Jumapili, 9 Februari

Traveller. Kampuni ya GDW ya Illinois iliutoa mwaka 1977, vijitabu vitatu vyeusi, na dadu zake ni za kawaida, zile za ludo. Kumtengeneza mhusika ni mchezo kamili peke yake: unamtumikisha jeshini au kwenye meli za biashara kwa vipindi vya miaka minne minne, na kila kipindi kinaweza kumuua. Mhusika wa dada alifariki kipindi cha tatu, kabla hatujaanza. Akatengeneza mwingine kwa uchungu wa kweli.

Kisha wakawa na chombo cha angani, nyota zote mbele yao. Fundi akauliza, "Haya, tunafanya nini?"

Kimya. Wote wakanitazama mimi.

Nilikuwa nimefanya maandalizi jioni tatu, wakati pango zima lilinichukua jioni moja. Hayakutosha. Wakitaka kwenda sayari ya pili, sikuwa na sayari ya pili.

Jumapili, 23 Februari

Nafurahi kuandika kwamba wiki mbili hizi zimekuwa tofauti. Niliweka deni: chombo ni cha mkopo na rejesho ni la kila mwezi, kama kanuni zenyewe zinavyotaka. Nikaweka bandari mbili na bei za shehena. Dereva alibadilika. Mtu ambaye pangoni alikuwa anarusha panga tu alianza kuuliza mzigo upi hauna bei huku na unatakiwa kule, nani anatoza ushuru, mafuta yatatosha kurudi tupu? Alikuwa anacheza maisha yake, na aliyajua kuliko msimulizi. Ulikuwa usiku mzuri kuliko usiku wowote wa pango.

Lakini nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: deni na bandari mbili ni kuta. Mchezo ulisimama pale tu nilipoufunga. Na Traveller haina ngazi za kupanda. Mpwa aliuliza mara mbili mhusika wake atakuwa na nguvu lini. Nikamjibu ukweli, kwamba atabaki hivyo alivyo, labda atajirika. Aliinamisha kichwa.

Ramadhani inaingia wiki hii. Tunasimama hadi baada ya Idi.

Ijumaa, 14 Machi

Kipindi cha kusoma, na cha kukumbuka. Nilijifunza michezo hii nikiwa masomoni Ujerumani, na huko wenzangu hawakucheza Dungeons & Dragons kabisa. Walicheza Das Schwarze Auge, uliotolewa mwaka 1984 chini ya Schmidt Spiele, kampuni ya michezo ya familia, ukauzwa kwenye maduka ambayo mama na baba walikuwa wanaingia kununulia watoto. Mmarekani alikuta mlango umefungwa. Sweden nayo ilikuwa na Drakar och Demoner tangu 1982, na kanuni zake zilitoka ukoo mwingine kabisa, ule wa kampuni ya Chaosium, unaotumia asilimia na hauna ngazi.

Hapa lile jibu la kawaida linapasuka vipande viwili. Kampuni ya Marekani ilishindwa nchi hizo. Ila vilivyoishinda ni nini? Mapanga, uchawi, kundi la wasafiri wenye ujuzi tofauti, magofu yenye mali. Chapa ilibadilika, mtindo ukabaki.

Kitu hicho hicho kimetokea kila mara watu walipoasi. Toleo la nne la 2008 lilipowachukiza wachezaji wengi, walikimbilia Pathfinder ya 2009, ambao ni toleo la tatu lililotiwa viraka. Hilo liliwezekana kwa sababu mwaka 2000 Ryan Dancey, aliyekuwa akisimamia mchezo huo pale Wizards, alisukuma leseni huria: mtu yeyote achapishe vitabu vya kanuni zile. Hesabu yake ilikuwa kwamba watu wakishajifunza kanuni moja hawapendi kujifunza nyingine, na kila kitabu cha mtu mwingine kinamrudishia faida aliye juu. Januari 2023 rasimu ya kuibana leseni hiyo ilipovuja, hasira zilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ikarudi nyuma na kuzitoa kanuni bure, hizi hizi ninazozitafsiri. Kampuni ndogo zikaapa kujitegemea. Nimeangalia baadhi ya walichokitoa tangu hapo. Tales of the Valiant ni mashujaa wa kifantasia wenye fani na ngazi. Daggerheart, wa mwaka 2025, nao ni mashujaa wa kifantasia wenye fani na ngazi. Wanaihama nyumba na kujenga nyingine yenye vyumba vile vile. Siwalaumu. Wateja wao wanajua kuishi kwenye vyumba hivyo.

Japani ndiyo inayonizuia nisiseme kwamba ni lazima iwe hivi. Kule Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha, umeupita ule wa majoka kwa mbali. Wajapani wana desturi ya kuchapisha mazungumzo ya meza nzima, neno kwa neno, kama kitabu. Zamani ilikuwa magazetini, baadaye ikahamia kwenye video, na zile za Cthulhu zikapendwa mno na vijana. Aliyetazama moja ameshaona kazi ya msimulizi inavyofanyika. Kwa hiyo mchezo mgumu kuuendesha ulipata walimu wa bure.

Nimesimama hapo kwa muda mrefu. Naona miaka yote nimekuwa nauliza kuhusu wachezaji, na labda wachezaji si hoja.

Jumapili, 13 Aprili

Call of Cthulhu, wa Sandy Petersen, 1981. Wahusika ni watu wa kawaida, na mbali na uhai wana alama za akili timamu zinazopungua kila wanapoona kisichostahili kuonwa. Kwa asilimia tulitumia vikombe viwili vya vikaratasi kumi kumi. Umeme ulikatika saa mbili usiku, tukaendelea kwa taa ya chemli. Dada alikataa kumtazama aliyeketi kando yake. Sijawahi kuendesha usiku bora kuliko huu tangu nianze kucheza, na nasema hivyo nikijua uzito wake.

Na bado kulikuwa na dakika moja iliyonitoa jasho. Kisa kizima kilisimama juu ya barua iliyokuwa kwenye mtoto wa meza, na hakuna aliyeuvuta. Walipekua kabati, wakapekua kitanda, wakaondoka. Ilibidi niihamishe barua ile hadi kwenye koti la marehemu, papo hapo, bila uso wangu kubadilika. Nimefanya hivyo kwa sababu nina uzoefu wa miaka. Anayeanza angekwama, na usiku ungeisha vibaya. Pangoni wakiruka chumba cha nne, chumba cha nne kinabaki gizani na hakuna aliyepoteza kitu. Kosa la msimulizi mchanga linasamehewa na ramani.

Jumapili, 27 Aprili

Cthulhu imeisha. Wahusika wawili wamekufa, mmoja amerukwa na akili, wawili wamekimbia. Mwalimu alisema ni hadithi iliyokamilika na hatamani kuiongeza. Nakubaliana naye. Ndiyo shida pia: hakuna aliyeuliza wiki ijayo tunaendelea wapi.

Jumapili, 4 Mei

Nimepitia daftari lote kutafuta kitu kimoja ambacho sikukipanga kukipima: nani aliomba kuendesha.

Baada ya Traveller, hakuna. Baada ya Cthulhu, hakuna, ingawa wote waliupenda. Baada ya pango, wawili. Fundi alijaribu nyumbani kwake akaacha, kwa kuwa mafundi wenzake hawakuwa na muda. Wa pili ni mpwa wangu. Alianza kuchora mwezi Februari bila kuniambia.

Jibu ninaloliamini sasa ni hili. Mtu mmoja anayeweza kuendesha huleta wanne au watano wasioweza. Mchezo unaofika mtaa mpya ni ule ambao mtu aliyeucheza mara tatu anaweza kurudi kwao akauendesha bila kufundishwa. Kuchora vyumba na kuvipa namba kunawezwa na mtoto wa shule. Fani zinampa kila mtu kazi kabla hajafikiri: huyu anazuia, huyu anatibu, huyu ananyatia. Ngazi zinawarudisha wiki ijayo. Kutangulia kuliusaidia mchezo wa 1974, fedha za Hasbro, iliyoinunua Wizards mwaka 1999, zinausaidia leo, na katikati hata hofu ya wazazi wa Marekani waliouona kuwa ni ushetani iliutangaza bila malipo. Lakini kilichokuwa kinachukuliwa na watu mikononi, kutoka nyumba hadi nyumba, ni ramani ya vyumba.

Nakiri linaniuma. Traveller ilimpa dereva usiku ambao hatausahau, na Cthulhu ilitupa sote usiku mwingine. Yote miwili ilihitaji mtu kama mimi awepo.

Jumapili, 11 Mei

Nimekaa upande wa wachezaji kwa mara ya kwanza hapa nyumbani. Mpwa aliendesha, na wenzake watatu wa shule walikuja. Ramani yake iko kwenye daftari la hisabati, mraba mmoja hatua kumi, vyumba 14. Kuna njia moja isiyo na mwisho, inatoka nje ya ukurasa. Aliniambia hiyo ndiyo inayokwenda Mombasa, kama wazee wanavyosema juu ya Amboni, na hajaichora bado. Alikosea kanuni mara nyingi. Hakuna aliyejali. Mmoja wa wale vijana alipoondoka aliomba kupiga picha ukurasa wa fani.

Jumapili, 18 Mei

Dereva alipita jioni. Anataka mzigo wake wa angani, ila ndani ya kitu ambacho mpwa angeweza kukiendesha. Tumekaa na karatasi kubwa. Tumechora bandari kama vyumba: tisa, kila moja na namba, bei zake, na kitu kimoja cha kuogopa, njia za majahazi kati yao ni kama milango. Bandari iliyo mbali zaidi ina faida kubwa na bahari mbaya. Badala ya ngazi za mhusika, jahazi ndilo linalokua: tanga jipya, baharia wa pili, ruhusa ya kutia nanga mahali palipokuwa pamefungwa.

Sijui kama bandari zitaishi kama mapango yanavyoishi. Maandalizi yalichukua jioni moja. Jumapili ijayo tunaijaribu, na sitaendesha mimi. Dereva ndiye atakayekaa upande wa msimulizi. Hajawahi. Ameomba nimwachie karatasi akalale nayo.